Fahamu: Viola Davis, mwigizaji aliyeanza kuvuma kwa dakika nane
Katika filamu ya Doubt (2008), Viola Davis anaonekana kwa takriban dakika nane tu. Ni mama anayemtetea mwanawe mbele ya mtawa, aliyeigizwa na Meryl Streep, huku machozi na kamasi vikimtiririka. Dakika hizo zilitosha kumpa uteuzi wake wa kwanza wa Oscar.

Hakuwa chipukizi. Alihitimu chuo cha sanaa cha Juilliard, New York, mwaka 1993, na tuzo ya Tony ya jukwaani alishaipata 2001.

Televisheni ndiyo iliyomfikisha sebuleni kwa watu. Katika How to Get Away with Murder (2014–2020) ni wakili Annalise Keating. Msimu wa kwanza, anaketi mbele ya kioo, anavua wigi, anabandua kope za bandia, anafuta vipodozi. Nyota wa tamthilia kubwa kujianika hivyo? Si jambo dogo. Mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia.

Oscar ikaja 2017 kupitia filamu ya Fences, tena ya mwigizaji msaidizi, ingawa kwangu mimi nafasi ile ilikuwa nzito kuliko ya msaidizi. Grammy ya 2023, kwa kusoma mwenyewe kitabu cha maisha yake, ikakamilisha tuzo zote nne kubwa: Emmy, Grammy, Oscar na Tony.