Je, Wajua? Neno Moja, Funguo Tatu

Katika Python, lugha ya programu iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, kuhesabu maneno ni mstari mmoja tu ndani ya kitanzi:

hesabu[neno] = hesabu.get(neno, 0) + 1

Hesabu hapa ni kamusi (dict), na kila neno ni ufunguo wake. Kamusi hulitafuta neno. Lisipokuwemo huanzia sifuri, kisha huongeza moja. Ila ukiipa Kikamba cha Kitui na Makueni, kaa chonjo.

Chukua kĩw'ũ, yaani maji. Programu inayokata maandishi kila ikutanapo na alama isiyo herufi hulipasua neno hilo kwenye ritifaa: kĩw huku, ũ kule. Mtego wa pili hauonekani kwa macho. Herufi ũ huweza kuhifadhiwa kama alama moja, U+0169, au kama u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi chake, U+0303. Kwenye skrini ni pacha, lakini kwa kamusi ni funguo mbili tofauti. Anayeandika kwa simu bila viwimbi, kiw'u, anakuongezea wa tatu.

Pacha hao hutibiwa kwa unicodedata.normalize('NFC', neno) kabla ya kuhesabu. Huyo wa tatu ni mkaidi: ukifuta viwimbi vyote, maneno yanayotofautiana kwa irabu tu huchanganyika.

Na ukiipata Injili ya Marko ya Kikamba aliyoitafsiri mmisionari Krapf, iliyochapishwa Tübingen mwaka 1850, ipe kamusi yake peke yake. Tahajia yake si hii ya leo.