Deni si lako, mbona unapigiwa simu?

Chukua mfano wa mwalimu aliye kazini mjini Nyeri. Simu yake inalia, na anayepiga hamfahamu. Anaelezwa kwamba jirani yake wa zamani amekwepa kulipa deni la Sh4,000, na kwamba yeye mwalimu amtafute haraka, la sivyo naye ataanikwa. Mwalimu huyu hajakopa, wala hajamdhamini yeyote. Hata jina la kampuni hiyo ndiyo mara ya kwanza analisikia.

Masaibu ya aina hii yamewakumba Wakenya wengi tangu mikopo ya rununu ienee nchini katika miaka ya 2010. Kila anayepigiwa hujiuliza swali lile lile: nambari yangu waliipata wapi?

Waliipata katika simu ya mkopaji. Mtu anapoingiza programu ya mikopo katika rununu yake, huenda akaombwa airuhusu kusoma arafa zake pamoja na orodha nzima ya majina na nambari alizohifadhi. Kwa kuwa karo inadaiwa, au mgonjwa anasubiri hospitalini, yeye hubonyeza "kubali" bila kusoma. Tangu toleo la sita la Android lililotoka mwaka 2015, simu humwezesha mtumiaji kukubali au kukataa kila ruhusa kivyake. Hata hivyo, baadhi ya wakopeshaji waliizima faida hiyo kwa kutomhudumia yeyote aliyekataa.

Kuhusu arafa, wakopeshaji wana hoja: jumbe za M-Pesa huonyesha mapato na matumizi ya mtu, hivyo husaidia kupima uwezo wake wa kulipa. Orodha ya nambari haina utetezi kama huo. Tazama jinsi tunavyoyahifadhi majina katika simu zetu: Mama, Bosi, Pasta, Shemeji Nakuru. Anayedai deni hahitaji uchunguzi wowote ili kujua ni nani atakayemwonea haya mkopaji zaidi. Orodha hiyo humwonyesha ukoo, kazi na kanisa la mtu kwa pamoja, na nguvu yake ni aibu wala si hesabu.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka data za mtu zikusanywe moja kwa moja kutoka kwake mwenyewe, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, na aelezwe zitatumiwa kwa kazi gani. Mkopaji aliyebonyeza "kubali" aliweza kutoa idhini kuhusu data zake tu. Hakuwa na mamlaka ya kuitoa kwa niaba ya watu mia nne waliomo katika simu yake. Hata anapoombwa kutaja watu wawili wa kuwasiliana naye, kumtaja mtu hakumfanyi kuwa mdhamini. Mdhamini ni yule aliyekubali mwenyewe.

Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyoendesha programu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000. Walalamishi walikuwa wametumiwa vitisho kwa nambari ambazo kampuni hiyo ilizipata kutoka kwa watu wengine. Kabla ya hapo, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilikuwa zimewapiga marufuku wakopeshaji wa kidijitali kutumia vitisho na matusi, au kuwapigia watu waliomo katika orodha ya mteja bila idhini. Nayo Google ilikataza programu za mikopo zilizomo katika duka lake la Play kusoma nambari na picha za wateja kuanzia Mei 31, 2023.

Pengo lingalipo. Programu inayopakuliwa nje ya duka hilo haibanwi na masharti yake. Isitoshe, nambari zilizonakiliwa awali hazifutiki kwa sababu tu mkopaji ameiondoa programu katika simu yake. Kufunga ruhusa katika mipangilio ya simu huzuia usomaji wa kesho. Nakala ya jana imebaki kwa kampuni. Kwa hiyo anayesumbuliwa na aiandikie kampuni, aulize ilikopata nambari yake na kuitaka iifute. Haki hiyo ni yake hata kama hajawahi kuwa mteja.

Akipuuzwa, ahifadhi arafa na rekodi ya simu alizopigiwa, kisha awasilishe malalamishi kwa Kamishna wa Data. Huduma hiyo haina malipo, na sheria inataka uchunguzi ukamilike katika muda wa siku 90.

Faini haimfikii mlalamishi. Kinachoweza kumfikia ni fidia, na hapa sheria imekwenda mbali kuliko wengi wanavyodhani, kwani inahesabu dhiki ya moyo pia, si hasara ya fedha pekee. Mwalimu wa Nyeri hakupoteza hata shilingi moja. Lakini simu ile aliipokea katika chumba cha walimu, wenzake wakisikiliza.