Ukutubi wa Tiba: Kazi Yenyewe na Nafasi ya Mwanalugha

Mwanafunzi wa Kiswahili anayekaribia kuhitimu huulizwa swali moja mara nyingi kiasi cha kumchosha: je, utafundisha shule gani? Aghalabu anayeuliza hafikirii kwamba kuna mlango mwingine. Makala haya yanakusudia kueleza kazi ambayo haitajwi sana katika kumbi zetu za mihadhara, nayo ni ukutubi katika maktaba ya chuo cha tiba. Dai langu ni kwamba kiini cha kazi hiyo ni maneno, wala si rafu za vitabu kama wengi wanavyodhani. Na kwamba mahali hapo, kutafuta vibaya kwaweza kugharimu uhai wa mtu.

Tuanze na kisa kinachofahamika sana miongoni mwa wakutubi wa fani hii. Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, Ellen Roche, mwanamke mwenye afya njema na umri wa miaka 24, alijitolea kushiriki katika utafiti kuhusu pumu. Alivutishwa hexamethonium, kemikali iliyowahi kutumiwa zamani kutibu shinikizo la damu. Mapafu yake yaliharibika, akafariki tarehe 2 Juni. Uchunguzi ulipofanywa, ilibainika kwamba katika kutafuta maandishi kuhusu usalama wa kemikali hiyo, mtafiti alikuwa ametegemea vitabu vya kawaida vya fani pamoja na hifadhidata ya PubMed, ambayo wakati huo ilirudi nyuma hadi mwaka 1966 tu. Makala yaliyohusisha kemikali hiyo na madhara ya mapafu yalikuwa yamechapishwa katika miaka ya 1950. Hayakufichwa na mtu yeyote. Yalikuwa katika majarida ya karatasi, na njia ya kuyafikia ilikuwapo: Index Medicus, faharasa iliyochapwa tangu mwaka 1879 chini ya uongozi wa John Shaw Billings. Mkutubi mzoefu angaliuliza swali dogo tu: na kabla ya 1966 je?

Swali la namna hiyo ndilo kazi yenyewe. Hata hivyo, nisimpumbaze msomaji. Sehemu kubwa ya siku ya mkutubi wa tiba hupita katika mambo yasiyo na fahari yoyote. Asubuhi huwa kuna foleni ya wanafunzi wanaotaka kitabu kile kile cha anatomia, ambacho nakala zake hazitoshi na kwa hiyo huazimwa kwa saa chache tu. Kuna waliosahau nywila, kuna mashine ya kunakili iliyokwama, kuna mhadhiri anayelalamika kwamba jarida alilozoea halifunguki. Msimu wa mitihani viti hukaliwa tangu alfajiri, na mkutubi hugeuka kuwa mwamuzi wa ugomvi wa nafasi.

Katikati ya hayo huja daktari anayesomea uzamili, koti jeupe mwilini na usingizi machoni, akisema: "Nataka makala kuhusu saratani." Hapo ndipo mkutubi huanza kuuliza. Saratani ya kiungo gani? Kwa wagonjwa wa umri gani? Unalinganisha tiba ipi na ipi? Unatarajia kupima matokeo gani? Kwa kawaida swali hugawanywa katika sehemu nne, yaani mgonjwa, tiba, kilinganishi na matokeo, kisha kila sehemu hutafutiwa maneno yake.

Na maneno hayo ni mtihani. Nitatumia hapa lugha ya faharasa yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayojadiliwa. Anayeandika "cancer" katika PubMed anatumia neno la kila siku, ilhali orodha rasmi ya istilahi iliyotolewa na Maktaba ya Kitaifa ya Tiba ya Marekani mwaka 1960, ijulikanayo kwa kifupi kama MeSH, huweka mada hiyo chini ya "neoplasms". Orodha hiyo hukusanya visawe na kuviongoza vyote kwenye istilahi moja. Isitoshe, imepangwa kama mti: istilahi pana juu, finyu chini yake. Sisi tuliosoma semantiki tunaujua mpangilio huo kwa jina la hiponimia. Tulipokuwa tukichora michoro yake darasani, sidhani kuna aliyetuambia kwamba huko hospitalini kuna mtu anayelipwa kwa kuielewa. Mkutubi huunganisha visawe kwa "au", huunganisha dhana tofauti kwa "na", na huwa mwangalifu sana na "si", kwa sababu kikanushi hutupa nje hata makala yanayofaa. PubMed, iliyoanza mwaka 1996, ina rekodi zaidi ya milioni 35. Neno moja likiachwa, mamia ya makala huweza kutoweka bila mtafutaji kujua kwamba yamepotea.

Siku hizi kumeongezeka tatizo jingine. Wanafunzi huja na orodha ya marejeo iliyotungwa na programu ya akili unde, wakitaka wasaidiwe kupata makala hayo. Mkutubi hutafuta na kutafuta, mwishowe akagundua kwamba baadhi yake hayajawahi kuandikwa na mtu yeyote.

Je, anayetaka kazi hii aanzie wapi? Marekani, mkutubi wa chuo kikuu hutarajiwa kuwa na shahada ya uzamili ya ukutubi, na chama cha fani hii, Medical Library Association, kimekuwapo tangu 1898. Hapa Kenya ukutubi hufundishwa katika vyuo vikuu kadhaa, kikiwamo Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na mtu aweza kuingia kwa stashahada, kwa shahada ya kwanza au kwa uzamili baada ya kusomea jambo jingine. Udaktari si sharti. Istilahi za tiba hujifunzwa kazini, polepole. Wengine huainisha vitabu, wengine husimamia majarida ya kielektroniki, ikiwemo mipango kama Hinari, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji ili nchi zinazoendelea ziyapate bure au kwa bei nafuu. Wengine huandamana na madaktari wodini, desturi iliyoasisiwa na Gertrude Lamb huko Kansas City mwaka 1971, wakasikiliza maswali yanapozaliwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Nafasi ya Kiswahili katika haya yote si ya kubahatisha. Chikungunya ni neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Lilichukuliwa kutoka kwa wagonjwa wa kusini mwa Tanganyika wakati wa mlipuko wa 1952, na leo lina mahali pake katika orodha ile ya istilahi. Degedege nalo limo katika anwani ya makala ya Kiingereza ya mwaka 1996 kuhusu wilaya ya Bagamoyo. Watafiti walilibakiza kama lilivyo, maana wazazi wengi waliona degedege kuwa ugonjwa wa peke yake wala si malaria kali, na imani hiyo ndiyo iliyoamua mtoto apelekwe wapi kwanza, kwa mganga au hospitalini. Kwa hiyo mwanafunzi wa udaktari akija mezani na kusema anatafiti mtukutiko wa watoto vijijini pwani, mkutubi aliyepitia idara yetu, kabla ya kugusa kibodi, atamwuliza: "Akina mama wa huko wanauitaje?"