Kable Ikivutwa, Watoto Mbali!

Jamaa zingine za mahali pa migodi ziko na motokari ya zamani ya magurudumu mane yenye kuvuta: Land Rover ao Land Cruiser iliyofanya kazi miaka mingi kabla ya kufika nyumbani. Sisi pia tuko nayo. Inatusaidia sana, lakini siku moja karibu ituletee kilio.

Ilikuwa mwezi wa pili, wakati wa mvua. Tulitoka Likasi kwenda matanga upande wa Mitwaba, watu saba. Katika bonde moja motokari ikazama mpaka shasi ikakaa juu ya matope. Lori likasimama, shofere akatoa kable ya chuma. Kijana wetu akaifunga haraka kwenye chuma chembamba cha mbele, akabaki amesimama palepale.

Shofere akapiga kelele: “We kijana, toka hapo! Ile chuma itangoka ikupige. Funga ku shasi!”

Mama akauliza: “Papa, kwani kable inaweza kuua mutu?”

“Mama, ikikatika inarudi kama fimbo. Hauna hata wakati wa kukimbia.”

Akaweka gunia lenye udongo juu ya kable, katikati, ili ikikatika uzito uirudishe chini. Akawafukuza watoto mbali, zaidi ya urefu wa kable yenyewe mara mbili. Kisha akavuta polepole, pasipo kurusha motokari.

Motere ikizimika

Motokari yetu ilitoka, lakini motere ilikataa kuwaka. Tukavutwa mpaka kijiji cha mbele. Hapo baba alijifunza jambo lingine. Motere ikilala, msaada wa freni unaisha kisha kukanyaga mara moja ao mbili. Unapaswa kukanyaga kwa nguvu zote. Usukani wa kusaidiwa na mafuta unakuwa mzito pia. Tena, ufunguo usitolewe: usukani unaweza kujifunga katika kona. Basi anayeketi kwenye usukani awe mtu mzima anayejua kuendesha, na abiria wote washuke. Mwendo uwe mdogo, na mkae mmepatana alama ya mkono ya kusema “simama”.

Magurudumu mane si ya kila siku

Vijana wengine wanapenda kufunga magurudumu ya mbele hata kwenye goudron kavu. Katika motokari nyingi za zamani, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanafungwa pamoja. Kwenye kona yanataka kuzunguka kwa mbio tofauti, lakini hayana nafasi. Kwenye matope yanateleza tu. Kwenye njia ngumu nguvu inabaki ndani ya vyuma, mpaka kimoja kinavunjika. Fungeni mbele ya matope, si kisha kuzama. Mkifika njia ngumu, fungueni.

Feza kidogo inalinda feza nyingi

Mkivuka maji mengi, muombe fundi atazame mafuta ya daraja za mbele na nyuma. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia: yabadilishwe mara moja. Viungo vya mti wa kuzungusha magurudumu vipewe grese. Filtre ya hewa isafishwe mara nyingi wakati wa vumbi. Bei ya mafuta na grese inauma, ndiyo. Lakini daraja ikiharibika, itakula minervali ya watoto ya mwaka muzima.

Tulifika matanga usiku, wote saba, wazima. Kurudi nyumbani, baba alitaka kununua radio ya motokari. Mama akakataa: “Kwanza kamba nzuri ya kuvutia.” Ikanunuliwa kamba pana, na mapete mawili ya chuma ya kuifungia ku shasi.

Leo motokari ikizama, kijana wetu hakimbilii tena matope. Kwanza anashika wadogo wake mkono, anawapeleka mbali. Kisha anarudi na gunia.