Panya wa Darini

Wasikilizaji wangu, usiku taa ikiisha kuzimwa, ni nani asiyepata kusikia vishindo vya panya darini? Wengi hugeuka upande wa pili wakalala. Lakini jambo lile si dogo.

Panya wa nyumbani ni hodari wa kukwea. Hupita juu ya kamba, na tundu la upana wa sentimita mbili humtosha. Akifika darini aona nini? Giza, joto la jiko, nyasi za paa, na mahindi tele. Atake nini tena? Hutafuna nyasi na matambara akafanya kiota, na jike huchukua mimba majuma matatu tu.

Hasara ya mahindi yaonekana kwa macho. Iliyo kubwa zaidi huchukuliwa na kiroboto. Mwaka 1894, huko Hong Kong, tabibu Alexandre Yersin aligundua kijidudu cha tauni; na mwaka 1898 Paul-Louis Simond, alipokuwa Karachi, akaonyesha ya kuwa kiroboto ndiye mchukuzi wake. Panya afapo mwili hupoa, na viroboto humwacha wakatafuta damu yenye joto, nayo ni yetu sisi tuliolala chini yake. Wilayani Lushoto, ambako watu wamezoea kuweka mahindi darini, tauni ilizuka mwaka 1980, ikarudi tena na tena miaka iliyofuata.

Asiyejua huanza na sumu. Nami nilifanya hivyo nilipokuwa mwalimu kijana: panya wakafia ndani ya paa tusikoweza kufika, nyumba ikanuka juma zima, na viroboto wakatushukia. Yafaa kuwaua viroboto kwanza, kwa dawa ya unga atakayoionyesha Bwana Afya; ndipo mitego itegwe. Mahindi nayo yahamishwe, yatiwe katika ghala iliyo mbali na nyumba, juu ya nguzo zenye kimo cha mita moja, kila nguzo imevikwa bati mfano wa mwavuli. Maana dari ikibaki na chakula, wengine watakuja.

Viota vilowesheni maji kabla ya kuviondoa, vumbi lisiruke, nanyi mfunge kitambaa puani. Mzoga usishikwe kwa mkono mtupu. Na mkiona panya wengi wamekufa bila kutegwa, mpelekeeni Bwana Afya habari siku ile ile. Na mtu akishikwa na homa kali na mtoki kinenani au kwapani, apelekwe hospitali mara moja, kwani dawa ya tauni ipo, nayo huponya ikiwahiwa.

Wengine watauliza, je, paka? Paka husaidia, lakini tauni humpata yeye pia.