Hatimiliki pekee si kinga kwa mnunuzi wa nyumba

MNUNUZI wa nyumba nchini Kenya anapoonyeshwa hatimiliki yenye muhuri wa serikali, mara nyingi huamini kuwa safari imefika mwisho. Hutoa akiba ya miaka mingi, au mkopo wa benki, na kumkabidhi muuzaji. Mawakala wenye uzoefu katika biashara ya nyumba na ardhi huwaonya wateja wao kwamba hapo ndipo kazi inapofaa kuanza.

Onyo hilo lina sababu. Mnamo Novemba 2011, familia nyingi mtaani Syokimau, viungani mwa Nairobi, zilitazama tingatinga zikibomoa nyumba zao kwa madai kuwa zilijengwa katika ardhi ya uwanja wa ndege. Oktoba 2023 masaibu kama hayo yaliwapata wakazi wa Mavoko, Kaunti ya Machakos, nyumba zilipobomolewa katika ardhi ambayo mahakama iliamua ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Wengi wa walioathiriwa walikuwa wamenunua ploti zao kwa pesa taslimu na kupewa stakabadhi walizoziamini.

Sheria yenyewe haisemi kuwa hatimiliki haiwezi kupingwa. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 kinaeleza kuwa cheti hicho kinaweza kubatilishwa ikiwa kilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa njia ya ufisadi.

Mahakama ya Juu ilitilia mkazo jambo hilo Aprili 2023, katika kesi kati ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa kuhusu kipande cha ardhi kilichoko Nyali. Kampuni hiyo ilikuwa imeinunua ardhi hiyo kutoka kwa mmiliki wa awali na kupewa hati. Hata hivyo, majaji walisema kuwa ardhi ilikuwa ya umma, na kwa kuwa ilitolewa mara ya kwanza bila kufuata sheria, aliyeinunua baadaye hangeweza kujikinga kwa hati aliyo nayo.

Funzo kwa mnunuzi ni kwamba inambidi achunguze historia ya ardhi, wala si jina la mmiliki wa sasa pekee. Hatua ya kwanza ni kuomba upekuzi rasmi katika afisi ya msajili wa ardhi, au kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021, kwa maeneo ambayo rekodi zake zimeingizwa humo. Upekuzi huo huonyesha jina la mmiliki, ukubwa wa ardhi, na iwapo kuna mkopo au zuio lolote juu yake. Wakili naye aombe rekodi za nyuma, ili ijulikane ardhi ilitolewa na nani, lini na kwa matumizi gani.

Hatua ya pili ni kufika mahali penyewe pamoja na mpimaji aliyeidhinishwa. Mpimaji hulinganisha ramani na mawe ya mipaka, na kubaini ikiwa ploti imeingia katika hifadhi ya barabara, reli au mto. Inafaa pia kuzungumza na majirani na wazee wa mtaa. Aghalabu wao hufahamu kuhusu mizozo ya kifamilia au kesi ambazo hazijaandikwa katika rekodi yoyote.

Anayenunua nyumba katika jengo la ghorofa ana swali lingine la kuuliza. Chini ya sheria ya mwaka wa 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo, kila nyumba inaweza kuwa na hatimiliki yake. Mnunuzi aulize kama hati hiyo ipo, na kama sivyo, itatolewa lini na kwa gharama ya nani.

Makubaliano ya kuuza ardhi sharti yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya shahidi. Kwa kawaida mnunuzi hulipa arubuni ya asilimia 10 na kukamilisha malipo katika muda wa siku 90. Ni salama pesa hizo zipitie akaunti ya wakili kuliko kukabidhiwa wakala au muuzaji mkononi. Ikiwa ni shamba la kilimo, idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi ni ya lazima, la sivyo mauzo huwa batili.

Mnunuzi asisahau ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani ya mali mijini na asilimia 2 mashambani. Kwa nyumba ya Sh8 milioni mjini, ushuru huo ni Sh320,000, mbali na ada za wakili. Wengi hukwama hapa kwa kuwa walitumia kila senti kulipia nyumba.

Muuzaji naye ana wajibu wake. Nyumba inayotangazwa kwa bei iliyotungwa kwa matumaini huishia kukaa sokoni muda mrefu, kwa hivyo ni heri kumlipa mthamini aliyesajiliwa. Vyeti vya kuthibitisha kuwa hana deni la ada za ardhi vitafutwe mapema. Ikiwa ni boma la ndoa, mke au mume lazima aridhie. Na ikiwa ni mali ya marehemu, haiwezi kuuzwa kabla ya mahakama kuthibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, hata kama watoto wote wamekubaliana.

Kodi pia humhusu. Tangu Januari 2023, muuzaji hutozwa asilimia 15 ya faida. Aliyenunua nyumba kwa Sh3 milioni, akatumia Sh500,000 kuiboresha na kuiuza kwa Sh8 milioni, ana faida ya Sh4.5 milioni na kodi ya Sh675,000. Aliyeishi katika nyumba yake mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza husamehewa kodi hiyo.

Kuhusu wakala mwenyewe, sheria inamtaka awe amesajiliwa na bodi husika, na mteja ana haki ya kudai cheti chake. Ada yake iafikiwe kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Wakala anayemharakisha mteja kulipa kwa sababu eti kuna mnunuzi mwingine mlangoni, au anayemzuia kukutana na mmiliki, anafaa kutiliwa shaka.

Uchunguzi huu wote huchukua majuma kadhaa na kugharimu pesa. Lakini gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya familia inayoamshwa alfajiri na mngurumo wa tingatinga, hatimiliki ikiwa mkononi.