Dawa za Miti za Thailand na Shinikizo la Damu

Mzee mmoja wa mtaani petu aliambiwa kwamba mizizi aliyopewa na jirani yashinda vidonge vya daktari. Akaviacha vidonge. Haikupita miezi miwili akapatwa na kiharusi, na leo mkono wake wa kulia haushiki hata kikombe. Hatusemi kwamba mizizi yote ni bure. Bali twapenda wasomaji wetu waone jinsi miti ya dawa ya Thailand inavyopimwa kabla ya kusifiwa.

Nchi ile haikuudharau urithi wake. Katika miaka ya 1830 mfalme Rama wa Tatu aliamuru elimu nyingi, ya tiba ikiwamo, ichongwe juu ya mawe katika hekalu la Mabudha la Wat Pho, mjini Bangkok. Lakini kuchongwa jiweni si kuthibitika.

Wataalamu hufanyaje? Hutoa dawa iliyomo katika jani au mzizi. Kisha hutwaa kipande cha mshipa mkubwa wa panya, wakakitundika katika maji ya chumvi, wakakikaza, ndipo wakatia ile dawa. Mshipa ukilegea pana tumaini, kwani mishipa iliyokazana huipandisha nguvu ya damu. Lakini huo ni mlango tu. Hufuata panya wazima, na uchunguzi wa sumu, kisha binadamu: baadhi yao hupewa dawa, na wengine kitu kifananacho nayo kisicho dawa.

Tazameni miti miwili imeayo huko. Wa kwanza Wathai huuita rayom. Mwaka 1952 wataalamu wa Uswisi walitoa katika mzizi wa mti huo dawa iitwayo reserpini. Damu ilishuka kweli, lakini wagonjwa wengine waliingiwa na huzuni kubwa.

Wa pili ni choya, tuijuayo hata sisi. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walitangaza habari za watu 65 waliopimwa kwa wiki 6. Waliokunywa vikombe 3 vya choya kila siku, shinikizo lao la juu lilishuka kwa milimita 7.2 za zebaki. Wenzao wa kulinganishwa, 1.3 tu. Angalieni sana: watu hao shinikizo lao lilikuwa limepanda kidogo tu, wala hawakuwa watu wa kutumia vidonge.

Basi, ndugu zetu, choya ni kinywaji chema. Lakini asiache mtu vidonge vyake kwa ajili yake, wala asimfiche daktari mzizi anaokunywa. Damu hupanda kimya kimya, na apimaye ndiye ajuaye.